Waya mgumu au waya wa nyuzi? Namna ya kuchagua na kuunga nyaya za shaba

Maswali yanarudi yale yale. "Nimeuziwa waya mgumu, jirani anasema wa nyuzi ndio unaobeba umeme mwingi, niurudishe?" "Waya uliobaki kwenye wayaringi ya nyumba naweza kuutengenezea ekstensheni?" "Mbona waya wa feni unachomoka kwenye konekta hata nikiukaza vipi?" Anayeuliza hana kosa. Dukani nyaya hizi hupangwa rafu moja, zote zimeandikwa 2.5 (yaani milimita za mraba za shaba, si kipenyo), rangi zinafanana, na muuzaji ana haraka. Basi nimeyaweka majibu mahali pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kununua mpaka kuwasha.

Jibu kuu lijue mapema, maana mengine yote yanalifuata. Shaba ikiwa na unene uleule, waya mgumu na waya wa nyuzi hubeba umeme karibu sawasawa. Usichague kwa kuuliza upi una nguvu. Jiulize mambo mawili: waya huu ukishafungwa utatulia, au utakuwa unakunjwa na kuvutwa? Na ncha yake itaingia kwenye kifungio cha namna gani?

Umeme wa nyumbani ni volti 230 Tanzania na volti 240 Kenya, na huo unaua. Wayaringi ya kudumu ya nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Mwongozo huu ni kwa kazi ndogo: kufunga plagi, kutengeneza ekstensheni, kubadili holda ya taa, kuunga sola ya volti 12. Utakusaidia pia kununua waya sahihi, kwa sababu kwetu mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayekwenda dukani na orodha ya fundi mkononi.

## Uwe navyo kabla ya kuanza

- Multimita. Tesita ya bisibisi yenye kitaa peke yake haitoshi. Inaweza kutowaka huku waya una umeme.
- Bisibisi bapa na ya nyota, zenye mpini wa plastiki usiopasuka. Ncha ya bisibisi ijaze mfereji wa skrubu. Bisibisi ndogo kuliko skrubu haikazi, inakwangua tu.
- Plaizi ya kuchunia waya na plaizi ya kukatia.
- Konekta za skrubu zenye ukubwa unaolingana na waya wako, au zile za kubana kwa wenzo.
- Feruli, yaani vile vibomba vidogo vya shaba iliyopakwa bati vinavyovishwa kwenye ncha ya waya wa nyuzi, pamoja na plaizi yake ya kuzibana.
- Boksi la maungio lenye kifuniko.
- Tochi, ili ukizima umeme usifanye kazi kwa kupapasa.
- Viatu vikavu vyenye soli ya mpira.

Sijaweka tepu kwenye orodha. Inafaa kuwekea alama ya rangi kwenye waya, lakini si kifaa cha kuungia, na sababu utaiona mbele.

## Zijue aina tatu

Waya mgumu una uzi mmoja tu wa shaba. Wa 1.5 uzi wake una kipenyo cha takriban milimita 1.38, na wa 2.5 ni milimita 1.78. Ukiukunja unabaki vile ulivyoukunja.

Waya wa nyuzi saba una nyuzi sita zilizozunguka moja ya katikati. Kwa waya wa 2.5, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67. Unakunjika kwa urahisi kuliko mgumu, ila bado una ukaidi.

Fleksi ina nyuzi nyingi nyembamba sana. Ya 1.5 huwa na kama nyuzi 30, ya 2.5 kama 50, kila mmoja milimita 0.25.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinaziweka aina hizi daraja la 1, la 2 na la 5. Ukinzani unaoruhusiwa kwa kilomita moja ya waya wa 2.5, kwa nyuzijoto 20, ni omu 7.41 kwa daraja la 1 na la 2 bila tofauti, na omu 7.98 kwa fleksi. Pengo halifiki asilimia 8. Hiyo ndiyo "nguvu" yote inayobishaniwa dukani. Wapo pia wanaosema umeme hupita juu ya ngozi ya waya, kwa hiyo nyuzi nyingi zina ngozi nyingi. Jambo hilo lipo kwenye mawimbi ya redio. Kwa umeme wetu wa hezi 50, kina ambacho umeme huzama ndani ya shaba ni kama milimita 9, na waya wako haufiki hata milimita 3. Shaba yote inafanya kazi.

Jambo moja la kuzungumza dukani: ukiomba "singo" utapewa waya wa kori moja, yaani shaba moja ndani ya ganda lake, na kori hiyo inaweza kuwa ngumu au ya nyuzi. Taja yote: "singo 2.5 ngumu", au "singo 2.5 nyuzi saba".

## Hatua kwa hatua

1. Amua kama waya utatulia au utatembea.

Waya unaokaa ndani ya paipu ukutani au juu ya dari ukishafungwa haushikwi tena. Hapo waya mgumu unafaa, na wa nyuzi saba unafaa. Paipu likiwa na kona nyingi, nyuzi saba unavutika bila kukupa shida. Paipu fupi lililonyooka, waya mgumu unausukuma tu bila hata kutumia kamba ya kuvutia.

Waya wa pasi, feni ya mezani, friji, cherehani, ekstensheni au mashine ya kutoboa, huo ni fleksi na si kingine. Vivyo hivyo kila kinachotetemeka: gari, bajaji, jenereta, pampu ya maji.

*Onyo.* Usitengeneze ekstensheni kwa waya mgumu uliobaki kwenye wayaringi, hata kama ni mzuri na hata kama ni wa 2.5. Shaba ikikunjwa na kunyooshwa mahali pamoja mara kwa mara huchoka na kukatika ndani, na ganda la nje linabaki zima. Hapo ncha mbili zinagusana na kuachana, zinapiga cheche ndani ya plastiki, na huoni kitu mpaka harufu itoke. Nyuzi nyembamba zinahimili kukunjwa kwa sababu kila uzi unapinda kidogo tu.

2. Chagua unene kabla ya kuchagua aina.

Kwa wayaringi ya kudumu, mpangilio wa kawaida ni 1.5 kwa taa na breka ya ampia 6 au 10, 2.5 kwa soketi na breka ya ampia 20. Na 6 kwa jiko la umeme au hita ya bafuni na breka ya ampia 32. Ile hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta kama ampia 24 kwa volti 230. Usiiweke kwenye waya wa soketi.

Kwa fleksi ya vifaa: 0.75 inabeba ampia 6, 1.0 inabeba 10, 1.25 inabeba 13, na 1.5 inabeba 16. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ya mpaka ampia 13, kwa hiyo ekstensheni ya kweli ya ampia 13 haiwezi kuwa na fleksi ya 0.75. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampia 9.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wengi wanalisahau. Majedwali ya uwezo wa waya hupigwa kwa joto la hewa la nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa joto linapita hapo kwa mbali. Waya wenye ganda la plastiki ya kawaida, lile la PVC linalohimili nyuzi 70, ukikaa kwenye hewa ya nyuzi 40 unabaki na asilimia 87 ya uwezo wake, na kwenye nyuzi 50 unabaki na asilimia 71. Basi nyaya za soketi zikipita juu ya dari yenye joto kali, mwambie fundi akupe 4 badala ya 2.5, au aweke breka ndogo zaidi. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko bei ya dari.

3. Kagua waya kabla ya kulipa.

Hapa usiwe na haya. Nyaya bandia zipo kwa waya mgumu, zipo kwa waya wa nyuzi, na udanganyifu wake hauko sawa.

*Kwangua.* Omba muuzaji achune sentimita moja, kisha kwangua shaba kwa ncha ya kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokea rangi nyeupe ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwenye waya mgumu utaiona mara moja. Kwenye fleksi nyuzi ni nyembamba mno, kwa hiyo kata ncha kwa plaizi na uangalie uso wa mkato kwa tochi. Angalizo: zipo nyuzi za shaba halisi zilizopakwa bati, nyeupe nje na nyekundu ndani. Hizo ni nzuri, tena za bei.

*Pima uzito.* Kipimo hiki ndicho ninachokitegemea zaidi, maana mizani haibishani na mtu. Shaba peke yake kwenye rola la mita 100 la waya wa 2.5 ina kama kilo 2.2, kwenye rola la mita 90 ni kama kilo 2. Kwa waya wa 1.5 ni kama kilo 1.3 kwa mita 100. Ganda linaongeza juu ya hapo. Rola la 2.5 la mita 90 likiwa na kilo moja na nusu pamoja na ganda lake, ama shaba si shaba, ama unene si ule ulioandikwa, ama mita hazitimii. Lolote kati ya hayo, usinunue.

*Pima unene.* Waya mgumu unapimika kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo: 1.5 ikupe karibu milimita 1.38, na 2.5 karibu 1.78. Kwa wa nyuzi saba pima uzi mmoja, usipime fungu zima. Kwa fleksi, hesabu nyuzi. Ikiandikwa 1.5 na ukahesabu nyuzi 18 za unene wa milimita 0.25, umeuziwa chini ya 1.0.

*Soma ganda.* Waya wa kueleweka umechapwa jina la mtengenezaji, unene na kiwango kwa urefu wake wote. Tafuta alama ya TBS Tanzania au KEBS Kenya, lakini alama ikuongeze tu imani baada ya mizani na kisu. Alama nayo huigwa.

4. Zima umeme, kisha thibitisha kuwa umezimika.

Zima breka ya eneo hilo, au mein switchi kama hujui breka ipi ni ya wapi. Wajulishe wa nyumbani ili mtu asije akarudisha. Pima kwa multimita kwenye soketi unayojua ina umeme, halafu pima mahali unapofanyia kazi, kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Kipimo cha tatu kinakuhakikishia kwamba mita yako haikufa katikati. Pima laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (waya wa usalama), nyutro na ethi.

Usiamini rangi peke yake. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Za karibuni zina kahawia na buluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo inaweza kuwa na zote mbili.

5. Chuna ganda bila kujeruhi shaba.

Milimita 8 mpaka 10 zinatosha vifungio vingi. Shaba isionekane nje ya tundu, na ganda lisiingie chini ya skrubu.

Kwa waya mgumu, hatari kubwa ni mkwaruzo wa mduara. Kisu kikizungushwa kwa nguvu kinachora mstari kwenye shaba, na waya utakatikia hapo hapo siku utakapousukuma ndani ya boksi. Ukitumia kisu, kilaze kama unayechonga penseli, usikizungushe. Ukiona mkwaruzo, kata na uanze upya.

Kwa waya wa nyuzi, hatari ni kupoteza nyuzi. Tundu la plaizi likiwa dogo linakata nyuzi za nje, nawe unaziona zimeanguka mezani. Kwenye waya wa nyuzi saba, ukipoteza mbili umepoteza zaidi ya robo: 2.5 yako imekuwa kama 1.76. Hapo pia kata, uanze upya. Ndiyo maana usikate waya mfupi tangu mwanzo.

6. Andaa ncha kulingana na kifungio.

Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi inayodumu na kazi ya kurudiwa.

*Tundu lenye skrubu inayoshuka juu ya waya* (soketi nyingi, plagi, konekta). Waya mgumu ingiza moja kwa moja. Ukiwa mwembamba kwa tundu, ukunje mara mbili ili skrubu ipate cha kushika. Waya wa nyuzi saba sokota kwa vidole kufuata upande ule ule nyuzi zilivyolala, usizigeuze. Fleksi vishe feruli ya ukubwa wake na uibane. Bila feruli, ncha kali ya skrubu inapasua katikati ya nyuzi na kuzisukuma pembeni. Unahisi umekaza, kumbe skrubu imegusa chini ya tundu.

*Skrubu yenye kichwa kipana ambayo waya huizunguka.* Waya mgumu utengenezee kitanzi kinachofuata mwelekeo wa saa, ili skrubu ikikazwa ikivute ndani. Waya wa nyuzi hapa unatawanyika na kutoka pembeni. Tumia lagi ya pete, yaani kipande cha chuma chenye tundu la skrubu kinachobanwa kwenye ncha ya waya.

*Kifungio chenye kibati cha kubana* (breka nyingi). Kinapokea waya mgumu na nyuzi saba bila taabu. Fleksi nayo ipe feruli.

*Konekta ya kusukuma isiyo na wenzo.* Nyingi zimetengenezwa kwa waya mgumu, ambao unasukumika wenyewe. Fleksi inakunjamana mlangoni. Ile yenye wenzo wa kuinua inapokea zote. Maelezo ya pakiti yanasema inapokea zipi, yasome.

*Onyo la kwanza.* Usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha za nyuzi kisha ukaziweka chini ya skrubu. Inapendeza macho, lakini risasi ni laini. Ikibanwa inajisogeza polepole, skrubu inalegea yenyewe, na kiungo kinaanza kupata joto miezi kadhaa baadaye.

*Onyo la pili.* Usipunguze nyuzi ili waya uingie. Waya wa nyuzi saba wa 2.5 una upana wa kama milimita 2.0 dhidi ya 1.78 za waya mgumu, kwa sababu kati ya nyuzi kuna nafasi. Ni kawaida ukabana kwenye tundu dogo. Badilisha kifungio, usipunguze shaba.

*Onyo la tatu.* Usiweke waya mgumu na fleksi ndani ya tundu moja chini ya skrubu moja. Mgumu unachukua mgandamizo wote, fleksi inabaki imelala pembeni bila kushikwa.

7. Kaza, tikisa, kaza tena.

Kaza skrubu imara, shika waya uutikise kidogo kulia na kushoto, kisha rudia kukaza. Kwa waya wa nyuzi utashangaa skrubu ikizunguka tena, maana nyuzi zimejipanga upya. Mwisho vuta kwa mkono. Waya ukitoka, bora utoke sasa. Kwenye breka, nguvu ya kukaza mara nyingi imeandikwa ubavuni mwake. Breka za kukazwa kwa bisibisi yenye kipimo zikazwe hivyo.

Kwenye plagi, hakikisha kibano cha chini kinashika ganda la nje la fleksi, si nyaya za ndani. Waya wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili fleksi ikivutwa ethi iwe ya mwisho kutoka.

8. Kuunga waya mgumu na fleksi.

Hii ndiyo kazi inayowashinda wengi: waya mgumu unatoka darini, feni au taa imekuja na fleksi. Wanaoanza husokota fleksi kuzunguka waya mgumu, wanazungushia tepu, wanafunika. Waya mgumu haujasokotwa na chochote. Umesimama wima tu, fleksi imeuzunguka. Feni ikitetemeka, fleksi inateleza. Tepu nayo, kwenye joto la dari, gundi yake inayeyuka na inaachia.

Fanya hivi: chukua konekta ya skrubu. Upande mmoja ingiza waya mgumu, upande wa pili ingiza fleksi yenye feruli. Kila waya na skrubu yake. Fanya vivyo hivyo kwa nyutro na kwa ethi. Kiungo chote kikae ndani ya boksi lenye kifuniko, mahali ambapo fundi wa kesho atalifikia bila kuvunja ukuta. Uzito wa feni au taa ubebwe na ndoano yake, kamwe usibebwe na waya.

9. Jaribu kabla ya kuacha.

Umeme ukiwa bado umezimwa, breka ikiwa imezimwa, swichi za taa na soketi zikiwa zimewashwa, vifaa na balbu vimetolewa, pima kama kuna shoti kati ya laivu na nyutro, na kati ya kila mmoja na ethi. Kwa wayaringi ya kudumu, fundi mwenye leseni atapima ganda kwa mega (kipima ukinzani wa ganda) ya volti 500, na kipimo kisipungue megaomu 1. Ukiridhika washa, weka mzigo wa kawaida kwa nusu saa, zima, thibitisha tena, kisha gusa kifuniko cha soketi au konekta. Uvuguvugu mdogo kwenye mzigo mkubwa si ajabu. Joto linalokufanya uondoe mkono maana yake kiungo kimelegea.

## Nje ya umeme wa nyumbani

Kwenye sola ya volti 12 tumia fleksi, na unene uwe mkubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu volti ni chache na kila inayopotea inaonekana. Mzigo wa ampia 10 ulio mita 10 kutoka kwenye betri, kwa fleksi ya 2.5, unapoteza volti 1.6 njiani kwa kwenda na kurudi. Kwa fleksi ya 10 upotevu unashuka mpaka chini ya volti 0.4. Waya wa kutoka kwenye paneli uwe ule wa sola wenyewe, wa nyuzi zilizopakwa bati na ganda linalostahimili jua.

Kwenye boti na nyumba za ufukweni, chumvi ndiyo adui. Nyuzi nyembamba zinafyonza maji ya bahari kwenda ndani ya ganda kama utambi, na shaba inaoza sentimita nyingi kutoka kwenye ncha. Hata hivyo waya mgumu haufai botini kwa sababu ya mtetemo. Suluhisho ni nyuzi zilizopakwa bati, na lagi zilizozibwa kwa bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto.

Kwenye nyaya za intaneti na kamera, kanuni ya kutulia au kutembea haibadiliki. Waya wa kudumu ukutani uwe mgumu, usizidi mita 90. Vile vipande vifupi vya mezani viwe vya nyuzi, na jumla yote isizidi mita 100. Vichwa vyake hutofautiana kwa waya mgumu na wa nyuzi, kwa hiyo mwambie muuzaji unafunga kwenye upi.

## Kukiwa na tatizo

Breka inaanguka mara tu ukiwasha. Zima, fungua ulipofanyia kazi. Ikiwa ni waya wa nyuzi, tafuta uzi mmoja uliochomoka na kugusa jirani; ndilo kosa la kwanza la kutafuta. Ikiwa breka inayokatika ni ile ya kumlinda mtu ya miliampia 30, angalia kama nyutro imegusana na ethi.

Taa inapepesa ukigusa swichi au mlango ukigongwa. Waya mgumu umekwaruzwa na umebaki kushikwa na kipande kidogo cha shaba, au skrubu imekanyaga ganda badala ya shaba. Chuna upya.

Soketi inanukia plastiki iliyoungua. Acha kuitumia leo hii. Umeme ukizimwa, fungua. Shaba iliyobadilika kuwa nyeusi ikatwe mpaka ufike palipo na wekundu unaong'aa. Soketi yenyewe itupwe, maana chuma chake kikishapata moto hakibani tena.

Waya wa ukutani umekatika na sasa ni mfupi. Usiuvute mpaka ukaze kama uzi wa gitaa ili tu ufike. Uongeze kwa kipande cha unene uleule kupitia konekta ndani ya boksi lenye kina cha kutosha.

Ekstensheni inapata moto. Ikunjue yote kwanza. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake haipumui na ganda linaweza kuyeyuka hata kwa mzigo ambao kwa kawaida ingeubeba. Ikiendelea kuwa na moto ikiwa imekunjuliwa, soma unene kwenye ganda na uulinganishe na hatua ya 2. Joto likiwa kwenye plagi tu, tatizo ni skrubu au fyuzi isiyoshikwa vizuri na vishikio vyake.

Fleksi imekufa karibu na plagi, kwingine ni nzima. Imekatikia pale inapokunjwa. Kata sentimita 10 kutoka kwenye plagi, chuna upya, funga. Kama ganda karibu na kifaa nalo limepasuka, badilisha fleksi yote.

Multimita inasoma zaidi ya omu 1 kwenye rola la mita 90 la 2.5. Gusanisha kwanza ncha mbili za mita, soma ukinzani wake, uutoe kwenye kipimo. Waya halali, mgumu au wa nyuzi saba, unapaswa kukupa kama omu 0.7, fleksi inazidi kidogo. Ikibaki juu ya 1, lirudishe rola dukani kabla hujalikata, na risiti mkononi.